Hesabu ya Mlangoni

Chaguzi kuu nne za kwanza baada ya vyama vingi kurudi Kenya zilifanyika Desemba. 29 Desemba 1992. 29 Desemba 1997. 27 Desemba 2002. 27 Desemba 2007. Ziangalie tena hizo tarehe. Zote zimekaa kwenye ile wiki ya kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, vyuo vimefungwa, watu wako ushago, chapati za juzi bado ziko. Mwanafunzi wa chuo kikuu wa miaka hiyo alisubiri matokeo kando ya redio ya babake, amezungukwa na watu wanaomjua tangu azaliwe.

Halafu ikaja katiba ya 2010. Kifungu cha 101 kinasema uchaguzi mkuu utafanyika Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Kwa komredi, Agosti ni mwezi wa mitihani, wa kodi ya nyumba na wa kumpigia mzazi ukianza na salamu ndefu. Katiba hiyo ilitupa mengi mazuri na sina nia ya kuilaumu. Lakini ukweli ni kwamba ilitoa uchaguzi sebuleni kwa wazazi ikauleta kwenye bedsita, kwa vijana wawili wenye sufuria moja, simu mbili na bando la mia.

Msimu wa uchaguzi ukikaribia, tunashauriwa jinsi ya kupunguza stresi. Zima simu, kunywa maji, fanya mazoezi, ongea na mtu. Sio ushauri mbaya, mimi mwenyewe hunywa maji. Shida yake ni kwamba unachukulia kwamba wasiwasi huu umeota kichwani mwetu, ati kizazi chetu ni chepesi. Nimeishi Machakos karibu maisha yangu yote, na tangu niache chuo nimekuwa nikisoma historia ya uchaguzi ya hapa polepole, bila mwalimu wa kuniwekea alama. Naona wasiwasi huu ulianza kabla yetu. Una tarehe, na tarehe hizo zinahusu jambo moja: nani anahesabu, na anahesabia wapi.

Anza na Machi 1957. Hapo ndipo Waafrika wa Kenya walipochagua kwa mara ya kwanza wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane. Cha Ukambani kilichukuliwa na James Muimi, aliyeingia pamoja na watu kama Tom Mboya wa Nairobi na Oginga Odinga wa Nyanza. Lakini kura haikuwa ya kila mtu. Chini ya utaratibu uliotokana na mapendekezo ya Walter Coutts, ulipimwa kwanza. Umesoma hadi wapi? Unapata pesa ngapi? Una mali gani? Ukipita vipimo vya kutosha, ulipewa kura zaidi ya moja, hadi tatu. Usipopita hata kimoja, ulibaki shambani ukisikiliza wengine. Mimi niliyeachia chuo njiani labda wangenipa kura moja na nusu.

Tunaicheka leo, lakini fikiria ilivyokuwa kwa aliyeishi siku hizo. Kulikuwa na mtu ofisini, ana karatasi, na karatasi hiyo ndiyo iliyosema wewe ni kura ngapi. Wewe mwenyewe huioni.

Miaka 18 baadaye Machakos ikaingia kwenye vitabu vya sheria. Paul Ngei, mmoja wa wale sita wa Kapenguria, alikuwa waziri na mbunge wa Kangundo. Baada ya uchaguzi wa 1974 kesi ilipelekwa kortini, na mahakama ikaamua kwamba alikuwa ametenda kosa la uchaguzi kwa kumtisha mtu aliyetaka kushindana naye. Kisheria alitakiwa akae nje ya siasa za uchaguzi kwa miaka kadhaa, na rais hakuwa na uwezo wa kumsamehe kosa la aina hiyo. Basi Desemba 1975 katiba yenyewe ikabadilishwa ili rais aweze. Jomo Kenyatta akamsamehe rafiki yake, na Ngei akarudi bungeni.

Wengi husimulia kisa hiki kama hadithi ya urafiki wa jela, na kweli kina utamu huo. Lakini kisome ukiwa mpiga kura wa Kangundo. Umepiga kura, korti imesema, umedhani mambo yameisha. Kumbe mwisho bado unaweza kusogezwa. Hilo ni somo linaloingia mwilini, na mwili hausahau haraka.

Kisha mlolongo. Februari 1988, kwenye mchujo wa KANU, karatasi za kura na masanduku viliwekwa kando. Mpiga kura alisimama foleni nyuma ya mgombea wake, au nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea, mchana kweupe. Chifu anakuona, jirani anakuona, aliyekukopesha mbegu anakuona. Mgombea akipata asilimia 70 au zaidi, anapita bila kupingwa, hakuna haja ya uchaguzi wa siri mwezi uliofuata. Sehemu nyingi za nchi foleni fupi zilitangazwa kushinda zile ndefu.

Susu yangu alisimama kwenye moja ya foleni hizo, upande wa Masii. Nilipomuuliza kuhusu siku hiyo hakukasirika kama nilivyotarajia. Alisema tu, "Tulijihesabu wenyewe, mara mbili. Tukatajiwa namba nyingine. Tukaenda nyumbani kupika." Halafu akaendelea kuchambua muthokoi.

Hiyo sentensi yake nimekaa nayo sana. Ukitafakari, mlolongo ndio uchaguzi pekee ambapo kila mtu aliyekuwepo aliona hesabu kamili kwa macho yake. Foleni iko pale, unatoka kando unahesabu vichwa. Kilichoumiza watu ni kuambiwa kwamba macho yao hayakuona. KANU yenyewe iliuacha mtindo huo Desemba 1990, mwaka mmoja kabla ya vyama vingi kuruhusiwa tena, lakini kizazi kizima kilikuwa kimeshajifunza kuondoka kimya.

Mwaka 1992 na 1997 siri ya kura ilirudi, ila masanduku yalisafiri. Kura zilipigwa shuleni, sanduku likafungwa, likapakiwa kwenye gari hadi ukumbi wa kuhesabia wa eneo bunge. Kila kilomita ya hiyo safari ilikuwa na uvumi wake. Gari limechelewa kwa nini? Taa za ukumbi zilizimika kwa nini? Kisha kwenye uchaguzi wa 2002 kukaja badiliko ambalo halisifiwi vya kutosha: kura zilihesabiwa palepale kituoni, mbele ya mawakala, kabla sanduku halijaenda popote. Mwai Kibaki aliapishwa Uhuru Park tarehe 30 Desemba, siku tatu baada ya kura. Wakubwa wetu wakiongea kuhusu 2002 hutaja furaha na kuimba barabarani. Mimi nashuku sehemu ya furaha hiyo ilikuwa usingizi. Hesabu ilikuwa karibu, ilionekana, na iliisha.

2007 ikavunja hilo. Vituoni kura zilihesabiwa kama 2002. Kisha namba zikaanza safari ya Nairobi, na zilipofika KICC baadhi hazikufanana na zilivyoondoka. Tarehe 30 Desemba Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, alimtangaza Kibaki mshindi, na jioni hiyohiyo kiapo kikaliwa Ikulu. Siku chache baadaye Kivuitu mwenyewe alinukuliwa akisema hajui kama kweli Kibaki alishinda. Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi huo mwaka 2008, ilisema rekodi zilivurugika kiasi kwamba haiwezekani kujua mshindi alikuwa nani. Kufikia hapo watu 1,133 walikuwa wameuawa, kwa hesabu ya Tume ya Waki, na zaidi ya 600,000 wamehama makwao. Januari hiyo vyuo vikuu kadhaa vya umma vilichelewa kufunguliwa.

Rumeti wangu wa chuo alitoka Nakuru. Januari 2008 alikuwa na miaka sita, na familia yao ililala wiki kadhaa kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru, pamoja na maelfu ya wengine. Hakuwa mtu wa kuisimulia. Niliijua kwa sababu mwisho wa Julai 2022 alipakia begi lake, nguo tatu, cheti cha kuzaliwa na chaja, akaliweka karibu na mlango, na likakaa hapo. Ungemuuliza kama ana stresi ya uchaguzi angecheka. Begi ndilo lililojibu.

Baada ya 2007 nchi ilijaribu kutibu hesabu kwa mashine. 2013 tume mpya, IEBC, ilileta mtambo wa kutuma matokeo kwa simu kutoka vituoni. Mtambo ukakwama. Na kabla haujaachwa, kwenye skrini za Bomas watu waliona idadi kubwa mno ya kura zilizokataliwa, kisha idadi hiyo ikapotea. Mwenyekiti Issack Hassan akaeleza kwamba kulikuwa na hitilafu ya programu iliyokuwa ikizidisha kura hizo mara nane. Labda ni kweli, mitambo hukosea. Lakini fikiria nchi iliyotoka 2007 ikiona namba inayobadilika mbele ya macho yake. Sisi tulikuwa shule ya msingi, na tulijifunza neno "sava" kabla ya kujua sava ni nini.

2017 ilikuwa ndefu zaidi. Chris Msando, meneja wa teknolojia wa IEBC, aliuawa siku chache kabla ya kura. Kura ya 8 Agosti ilifutwa na Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga tarehe 1 Septemba, majaji wanne dhidi ya wawili, na kura ya urais ikarudiwa 26 Oktoba. Hilo dunia nzima ililisikia. Kitu ambacho nje ya Ukambani hakikumbukwi ni kwamba Machakos tulikuwa na ngojangoja yetu ya pembeni. Alfred Mutua alitangazwa kushinda ugavana. Wavinya Ndeti akaenda kortini. Mahakama Kuu ikamkatalia. Juni 2018 Mahakama ya Rufani ikaufuta ushindi wa Mutua, na hoja kubwa ilikuwa fomu iliyotumika kutangaza matokeo ya kaunti. Desemba 2018 Mahakama ya Juu ikamrudisha Mutua. Kwa hivyo kuanzia Agosti 2017 hadi Desemba 2018, miezi 16, kaunti hii haikuwa na uhakika kamili gavana wake ni nani, na ubishi wenyewe ulikuwa juu ya karatasi.

Katikati ya vurugu hizo lilitoka jambo moja ambalo ningependa kila komredi alijue. Juni 2017, katika kesi ya Maina Kiai, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo ya urais yakishatangazwa kwenye eneo bunge ni ya mwisho. Nairobi kazi yake ni kujumlisha. Hairuhusiwi kuyasahihisha wala kuyapamba. Na chini kabisa ya hesabu hiyo kuna Fomu 34A, ile ya kituo, inayojazwa baada ya kuhesabu, ikasainiwa na msimamizi na mawakala, na nakala yake ikabandikwa mlangoni mwa kituo ili kila mpita njia aisome.

Mlangoni. Si kwenye sava, si Bomas.

Sasa tufike 2022, ambapo mimi na rumeti wangu tulikuwa mwaka wa pili. Wizara ya Elimu ilifunga shule kuanzia 2 Agosti, na tarehe ya kufungua ikasogezwa hadi 18 Agosti. Chuo chetu nacho kiliwataka wa hosteli waondoke. Kuna jambo hapo lililoniuma kuliko kelele zote za kampeni. Miezi michache nyuma, makarani wa kusajili wapiga kura walikuwa wamepiga kambi karibu na geti, na wenzetu wengi wakajiandikisha hapohapo. Sasa wanaambiwa warudi Busia, Kilifi, Meru, na kura yao imebaki Machakos. Nauli ya kurudi siku ya kura haipo. Watu husema vijana hawapigi kura, na ni kweli wapiga kura wa chini ya miaka 35 waliosajiliwa 2022 hawakufika asilimia 40 ya daftari lote. Ila kuna wengine walioandikishwa, na siku ilipofika walikuwa kilomita mia tano kutoka kwenye sanduku lao.

Sisi tulikuwa tumepanga nje, Mumbuni, kwa hivyo tulibaki. Yeye alikuwa upande mmoja na mimi mwingine. Kwenye mji ambao wengi walikuwa na Raila Odinga kupitia kwa Kalonzo, rumeti wangu alijifunza kutotaja mgombea wake kibandani. Tulipiga kura Jumanne, 9 Agosti, kwenye shule moja ya msingi, yeye nyuma yangu. Kisha jioni ikaanza ile kitu.

Mwaka huo IEBC ilifanya jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwa upana huo. Picha za Fomu 34A za vituo vyote, zaidi ya 46,000, ziliwekwa kwenye tovuti ya wazi, na ndani ya siku mbili karibu zote zilikuwa huko. Tume haikutangaza jumla. Ilisema, kwa maneno mengine, hizi hapa, hesabuni. Vituo vya televisheni vikaanza kujumlisha kila kimoja kivyake. Huku huyu anaongoza, ukibadilisha chaneli ni yule. Baadaye baadhi vikanyamaza. Lakini sisi hatukunyamaza. Kwenye grupu za WhatsApp za darasa watu walikuwa wanajumlisha kwa Excel saa tisa usiku. Nilimwona mwanafunzi wa uhasibu akigawa kaunti kama mlezi anayegawa chapati. Fundisho la 1988, la 2007, la 2013, lote lilikuwa limetufikia bila kufundishwa: usipohesabu mwenyewe, utatajiwa namba nyingine.

Hapo ndipo naona chanzo cha stresi yetu kilipo. Wazazi wetu walinyimwa hesabu. Sisi tulipewa yote, vituo elfu arobaini na sita kwenye skrini ya inchi sita, na hakuna aliyetupa kalamu ya kufunga kitabu. Ni kazi ya karani bila saa ya kutoka. Rumeti wangu alikuwa hali. Mimi nilikuwa naona herufi za 34A nikifumba macho.

Asubuhi ya Jumatano alisema twende shuleni tukaangalie mlango. Hakusema kwa nini. Tulitembea, na fomu ilikuwa pale, imebandikwa kwa gundi iliyomwagika kidogo pembeni. Mgombea wangu alikuwa mbele sana. Wa kwake alikuwa na kura chache, na mojawapo ilikuwa yake. Akaiwekea kidole ile namba, kimya. Akapiga picha. Tukafungua ile tovuti, tukatafuta kituo chetu, tukalinganisha. Namba zilikuwa zilezile, tarakimu kwa tarakimu. Turudi tulipotoka, alipika chai na akala mkate nusu. Alilala hadi saa kumi.

Mlango ule haukutuambia nani ni rais. Hilo lilichukua muda. Tarehe 15 Agosti makamishna wanne walitoka wakakana matokeo, Wafula Chebukati akasukumwasukumwa jukwaani Bomas, kisha akatangaza: William Ruto kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930. Tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Martha Koome ikathibitisha kwa kauli moja. Rumeti wangu alifurahi kwa staha, na mimi nilinuna siku mbili. Begi lilikaa pale mlangoni hadi baada ya hukumu. Muhula uliofuata karo ilinishinda na tukaachana kila mtu na njia yake, lakini hatukuachana kwa ubaya, na hilo silichukulii kama jambo dogo. Nawajua marafiki walioacha kusalimiana wiki ile na hawajaanza tena.

Ninachokitoa kwenye historia hii yote ni kipimo. Kuna sehemu ya uchaguzi unayoweza kuithibitisha kwa miguu na macho yako, nayo ni kituo kimoja. Vingine 46,000 na kitu vina majirani zao, na mawakala wao, na milango yao. Kazi ikigawanywa hivyo, inabebeka. Ukitaka kuibeba yote peke yako kwa simu, usiku mzima, utaumia na hesabu haitakuwa imesogea. Wala sisemi hesabu ya mlangoni inatosha kulinda kura. 2007 ilionyesha namba inavyoweza kuugua njiani. Lakini picha elfu arobaini na sita zilizopigwa na watu elfu arobaini na sita ni ushahidi mgumu kubishana nao, na kila mmoja wao anaweza kwenda kulala.

Uchaguzi ujao ni Jumanne, 10 Agosti 2027. IEBC yenyewe ilikaa bila makamishna kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025, kwa hivyo usitarajie kwamba kila mtu atakuwa ametulia. Kama uko chuoni, fikiria mapema utakuwa wapi siku hiyo, na kama umejiandikisha mahali utakapokuwa. Mkikaa wawili wa pande mbili chumba kimoja, kubalianeni kabla kwamba mtaenda mlangoni pamoja. Na ukiona mwenzako amepakia begi, usimcheke wala usimuulize kama ana stresi. Muulize 2008 alikuwa wapi. Kisha mpikie chai.